Mzazi, Watoto na Safari ya Kanada

Ndugu yetu mmoja wa darasa ametuletea suala, wala hakulileta kwa kupenda mjadala, bali kwa kuwa limemkosesha usingizi. Amepata idhini ya kuhamia Kanada pamoja na mkewe na watoto wao watatu: msichana wa miaka 14, mvulana wa miaka 9, na mdogo wao ambaye bado hajaanza shule. Karatasi zimo mkononi na siku za kusafiri zahesabika. Mama yake mzazi, mtu aliyepindukia miaka 70, yu hai, naye amekwisha kusema kuwa hatoki Mombasa. Ndugu yetu atuuliza: Je, kwenda kwangu ni halali? Na kama ni halali, je, ni jambo jema?

Tulikaa nalo suala hili mikesha mitatu baada ya sala ya Ishaa, wala hatukuafikiana upesi. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyafikia, nasi twayaandika kwa kuwa twajua si yeye peke yake. Kila mtaa wa mji wetu una nyumba iliyofungwa kwa sababu wenyewe wako ng'ambo, na nyumba nyingine ambayo wenyewe wangojea karatasi.

Suala la kwanza ni jepesi kuliko la pili. Wanazuoni wamelieleza sana, na muhtasari wa maneno ya wengi wao ni kwamba nchi ambayo Muislamu aweza kuidhihirisha dini yake bila ya kuzuiwa, na roho yake na mali yake vikawa katika amani, si haramu kukaa humo. Waislamu wa kwanza waliohama hawakuhamia nchi ya Kiislamu, kwani haikuwako. Mwaka 615 walivuka bahari wakenda Uhabeshi kwa mfalme Mkristo, kwa kuwa alisifika kwa uadilifu. Baadhi yao walikaa huko hata mwaka 628, na watoto wakazaliwa huko. Basi kwa upande wa halali na haramu hatuna la kumzidishia ndugu yetu.

Suala la pili ndilo zito. Yako mambo mengi ya halali ambayo mtu huyafanya kisha akajuta; na uzito wa jambo hili ni kwamba mwenye kuchagua siye mwenye kulipa. Baba na mama ndio waamuao. Lakini atakayekaa darasani hajui mtu, atakayechekwa kwa matamshi yake, atakayekuwa mgeni huko na akirudi huku akawa mgeni vile vile, ni mtoto. Mtoto ni amana. Na aliyewekewa amana hawezi kuitia chomboni, kisha ikizama akasema, "Nilidhani bahari ni shwari." Yampasa apime kabla ya kutweka tanga.

KOSA LA KUPIMA UPANDE MMOJA

Sisi watu wa Pwani tuna historia katika kuyapima mambo ya namna hii, nayo si historia ya kujivunia sana. Zama za Waingereza wazee wetu wengi waliziogopa shule, kwa kuwa nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisheni, nao walichelea mtoto asiingie Muislamu akatoka Mkristo. Hofu ile haikuwa ya bure. Lakini walipima upande mmoja: waliiona hasara ya kwenda, hawakuiona hasara ya kutokwenda. Hasara hiyo tumeilipa sisi tuliokuja nyuma yao, katika maofisi na katika kila jambo lililotaka kalamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), katika majarida yake ya Sahifa na Al-Islah aliyoyatoa Mombasa katika miaka ya 1930, hakuchoka kuwahimiza watu wasome elimu ya dini na ya dunia pamoja.

Leo mambo yamepinduka. Aliyekuwa akiikimbia shule sasa aikimbilia hata ng'ambo ya bahari, naye apima upande mmoja vile vile: aiona faida ya kwenda, haioni gharama yake. Mtu yule wa kale na huyu wa leo ni ndugu. Wote wawili wamekataa kukitazama kitanga cha pili cha mizani. Basi na tuvitazame vyote viwili.

SHULE

Twaanza na shule kwa kuwa ndiyo itajwayo kwanza. Katika Kanada mambo ya elimu hayako mikononi mwa serikali kuu. Tangu katiba ya mwaka 1867 kila jimbo lina sheria zake. Kwa hiyo mtu asemaye "shule za Kanada" yapasa aulizwe: za jimbo gani?

Shule za serikali hazitozi karo, na kwa kawaida mtoto hupokewa katika shule ya mtaa anaokaa. Hapo pana jambo ambalo wageni wengi hulijua baada ya kutia saini ya kupanga nyumba, nalo ni kuwa aliyechagua nyumba amekwisha kuchagua shule. Ndugu yetu alikuwa akitafuta nyumba ya kodi nafuu ili aulizie shule baadaye. Tumemwambia ageuze mpango wake: aitafute shule kwanza, kisha nyumba iliyo karibu nayo, hata ikiwa ni ndogo.

Mwenye kutaka shule ya Kiislamu naye aijue hesabu yake. Katika Ontario serikali hugharimia shule za Wakatoliki, kwa kuwa haki yao imo katika katiba, wala haigharimii shule za dini nyingine. Mwaka 1999 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kuwa huo ni ubaguzi, lakini mambo hayakubadilika. Mzazi wa Kiislamu wa Toronto hulipa karo kutoka mfukoni mwake. Katika Alberta na British Columbia serikali husaidia sehemu ya gharama za shule za binafsi zilizotimiza masharti. Huko Alberta, katika mji wa Edmonton, ndiko ulikojengwa msikiti wa kwanza wa Kanada, uitwao Al Rashid, mwaka 1938. Na mji huo una shule ya Kiislamu pia.

Katika Quebec mambo ni mengine. Tangu sheria ya mwaka 1977, mtoto wa mhamiaji aingiaye shule ya serikali husomeshwa kwa Kifaransa hata amalize sekondari, ila wachache waliotolewa na sheria. Tena mwaka 2019 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuwakataza walimu wa serikali, na baadhi ya watumishi wengine, wasivae alama za dini wakiwa kazini. Sheria hiyo haikumgusa mwanafunzi. Lakini msichana wa ndugu yetu hujifunika, na asema kuwa ataka kuwa mwalimu.

Wala tusijidanganye kuwa jambo hili liko huko tu. Hapa kwetu Kenya, mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa wasichana wa Kiislamu haki ya kuvaa hijabu shuleni, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu hiyo. Anayehama na anayebaki, kila mmoja ana mlango wa kubisha.

USALAMA

Ndugu yetu tulipomuuliza kwa nini ahama, hakutaja mshahara kwanza, alitaja usalama. Nasi hatukuweza kumlaumu. Twakaa katika nchi iliyoona, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wakiuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Na katika Pwani yetu mzazi wa kijana huogopa mambo mawili yaliyo kinyume: mwanawe asivutwe na wauaji au wauza unga, na asichukuliwe usiku kwa dhana tu, akawa haonekani tena. Mwenye kutaka kumtoa mwanawe katika hofu mbili hizi hakukosea.

Lakini aijue na hofu aiendeayo. Tarehe 29 Januari 2017 mtu mwenye bunduki aliingia msikitini katika mji wa Quebec akawaua watu 6 waliokuwa wamemaliza sala ya Ishaa. Tarehe 6 Juni 2021, katika mji wa London ulioko Ontario, watu wa familia moja ya Kiislamu walitoka kutembea jioni, na mtu akawagonga kwa gari kusudi kwa kuwa ni Waislamu. Walikufa 4: nyanya, baba, mama na binti. Akapona mtoto wa kiume wa miaka 9. Tulipolisoma hili darasani ndugu yetu alinyamaza kimya, kwani huo ndio umri wa mwanawe.

Insafu yataka tuseme na yaliyofuata. Maelfu ya watu wa dini mbalimbali walitoka barabarani kuomboleza pamoja na Waislamu. Muuaji alishtakiwa, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2024 hakimu akakiita kitendo kile kwa jina lake, ugaidi. Hapana nchi isiyo na maovu. La kuuliza ni kama maovu hayo hupata hakimu, au hufichwa.

Tena kuna hatari ya tatu, nayo haiji kwa bunduki ya mgeni. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 Wasomali wengi walikimbia vita vya kwao, na wengi wao wakapitia hapa Kenya kabla ya kufika Toronto. Walipanga katika majumba marefu ya Dixon Road. Kati yao wametoka watu wa maana: Ahmed Hussen, aliyefika Kanada mwaka 1993 akiwa kijana, alikuwa waziri wa uhamiaji mwaka 2017. Lakini wazazi wengi walifanya kazi mchana na usiku ili walipe kodi, na baadhi ya vijana wakalelewa na barabara. Wako kina mama walioziepuka risasi za Mogadishu, wakaja wakazika wana wao Toronto na Alberta. Na wako wazazi waliowarudisha watoto wao Nairobi na Hargeisa ili warekebishwe. Wenyewe huliita jambo hilo dhaqan celis, yaani kurudishwa katika mila. Tazameni maajabu: mtoto aliyepelekwa Kanada atafutiwe usalama, arudishwa Nairobi atafutiwe usalama!

Na la mwisho katika mlango huu ni kiboko. Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua mwaka 2004 kuwa mzazi hawezi kumpiga mtoto aliye chini ya miaka 2 wala kijana aliyekwisha kubaleghe, wala hawezi kumpiga mtoto yeyote kwa fimbo au mkanda, wala kumpiga kichwani. Mwalimu na daktari wakishuku kuwa mtoto ateswa, sheria yawalazimu kupeleka habari. Baadhi ya wenzetu darasani walilichukia jambo hili. Sisi twauliza: ikiwa heshima ya nyumba imesimama juu ya kiboko tu, kikiondoka kiboko itasimama juu ya nini? Jawabu ni kuwa itasimama juu ya maneno. Na hapo ndipo tufikapo kwenye lugha.

LUGHA

Katika mazungumzo ya kuhama, lugha hutajwa mwisho, nayo hutajwa kwa upande mmoja, yaani Kiingereza. Ndugu yetu alifanya mtihani wa lugha unaotakikana kwa mhamiaji, akapata alama nzuri, akadhani kuwa mlango wa lugha ameufunga. Kumbe ameipata lugha ya kuingilia tu. Lugha ya kukalia hajaigusa.

Jim Cummins, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Toronto, ameeleza kuwa mtoto mgeni hupata lugha ya kuzungumza na wenzake kwa muda wa kama miaka 2, lakini lugha ya vitabu, ya kusomea sayansi na kuandikia insha, humchukua miaka 5 hadi 7. Basi pimeni. Msichana huyu amesoma kwa Kiingereza tangu udogo wake, na kwa hiyo katika Ontario au Alberta atapata taabu kidogo kisha atakaa sawa. Lakini akipelekwa Montreal akaanza Kifaransa na umri wa miaka 14, sekondari itamalizika kabla lugha haijamkaa. Baba aliyechagua Montreal kwa kuwa kodi yake ni nafuu, tofauti ya kodi ile ameilipa kwa masomo ya binti yake.

Hayo ni ya lugha ya ugenini. Ama lugha yetu, habari yake ni hii, nasi tumeiona kwa jamaa zetu wenyewe. Mtoto mdogo akiingia shule, baada ya mwaka mmoja humjibu mama yake kwa Kiingereza. Mama huuliza kwa Kiswahili, mtoto hujibu kwa Kiingereza, wakaelewana, wakacheka, na hapana aonaye kuwa kuna lililopotea. Kisha mazungumzo huanza kupungua kidogo kidogo, hata yakabaki ya kula, kuvaa, kulala na kufanya kazi ya shule. Siku binti anapofika miaka 16 akapatwa na jambo zito moyoni, hana maneno ya kumwambia mama yake kwa lugha ya mama, na mama hana maneno ya kumjibu kwa lugha ya binti. Basi atalipeleka kwa mwingine mwenye maneno. Si kwamba mtoto amekuwa mbaya, wala si kwamba nchi imemharibu. Kamba iliyokuwa baina yao imekatika, na kila mmoja yuko upande wake akiuangalia mwisho wake wa kamba.

Nyanya aliyebaki Mombasa yeye huijua habari hii kabla ya wote. Huletewa simu siku ya Idi, mjukuu akasema "Shikamoo," kisha akampa simu baba yake. Kukawa kumekwisha.

Wala hatusemi kwamba lugha ya nchi mpya ni adui. Miongoni mwa watoto waliozaliwa Uhabeshi katika ile hijra tuliyoitaja alikuwako binti akiitwa Umm Khalid. Imepokewa katika hadithi kwamba waliporudi, Mtume (S.A.W.) alimvika nguo akiwa bado ni mtoto, na akaisifia nguo ile kwa neno la Kihabeshi, kwa kuwa ndiyo lugha aliyoizoea huko. Hakumkemea kwa kujua lugha ya watu. Lakini binti yule alikuja akasimulia hadithi kwa Kiarabu cha wazee wake. Alirudi na ndimi mbili, wala hakurudi na mmoja.

Na njia za kuuhifadhi ulimi wa pili zipo. Katika Ontario wazazi wa watoto wa kutosha wakikusanyika wakaomba masomo ya lugha ya kwao, bodi ya shule huyaweka. Wasemao Kiswahili katika Kanada si watu wa Mombasa tu. Wako wa Tanzania, wa Kongo, wa Burundi na wa Rwanda, Waislamu kwa Wakristo. Hata ikiwa mtu hakubaliani na jirani yake Mkongo katika dini, waweza kukubaliana kuomba mwalimu mmoja wa Kiswahili.

KUPIMA

Sasa tuviweke vitu vitatu mizanini. Tulipovitazama sana tuliona kuwa si vya namna moja. Shule hutolewa na nchi. Usalama wa barabarani hutolewa na nchi. Hivyo viwili, ikiwa nchi ni nzuri, mtoto atavipata hata baba akiwa kazini. Lakini lugha ya nyumbani haitolewi na serikali yoyote. Hutolewa na baba na mama, nayo hutolewa kwa kitu kimoja tu, nacho ni wakati wa kukaa pamoja. Na kitu hicho ndicho ambacho maisha ya ugenini hukinunua kwanza, kwa kuwa mgeni ambaye cheti chake cha kazi bado hakijakubaliwa hufanya kazi aipatayo, na aghlabu ni ya usiku.

Kwa hiyo tulimuuliza ndugu yetu suala moja. Alikuwa amekuja na daftari lenye hesabu ya kodi, nauli, nguo za baridi na karo. Tukamuuliza: "Watoto wakiwa macho, wewe na mama yao mtakuwa nyumbani saa ngapi kila siku?" Katika daftari lile hesabu hiyo haikuwamo.

Mkesha wa pili alitujia na neno la mkewe, nalo lilikuwa na akili kuliko maneno yetu mengi. Alisema: yuko tayari kwenda, kwa sharti kwamba kila jioni mmoja wao awe nyumbani, hata ikiwa maana yake ni kukaa miaka mitano katika vyumba viwili na kupika maharagwe. Ikiwa sharti hilo haliwezekani, basi na wabaki.

Sisi twaliunga mkono neno lake, nasi twaongeza haya. Wachague jimbo kwa ajili ya msichana wa miaka 14, kwa kuwa yeye ndiye aliye na miaka michache ya kukosea. Kiswahili kiwe ni lugha ya mezani, si kwa adhabu bali kwa hadithi na mzaha, na watoto wafunzwe kukisoma na kukiandika. Kila juma mtoto azungumze na nyanyake peke yake, si salamu tu. Na mama mzazi atafutiwe radhi yake, wala kunyamaza kwake kusihesabiwe kuwa ni radhi. Ajulikane nani atalala naye nyumbani na nani atampeleka hospitali. Mwenye kuweza kuyatimiza haya, twaona kwamba safari yake ni ya kheri. Asiyeweza, kubaki ni bora kwake, hata ikiwa shule ya huku ni duni kuliko ya huko.

Wala tuliobaki tusijione kuwa tumesalimika. Ni baba wangapi wa mji wetu wanaokaa barazani hata usiku wa manane, na watoto wao wakalelewa na simu? Ni wazazi wangapi wanaojisifu mbele ya wageni kuwa mtoto wao hajui Kiswahili? Watu hawa hawakupanda ndege, na kamba imekwisha kuwakatikia hapa hapa, umbali wa chumba na chumba.

Mkesha wa tatu tulimuuliza ndugu yetu kama msichana mwenyewe amekwisha kuulizwa. Aliona haya, akasema hakuulizwa. Kesho yake alituletea habari: alimuuliza, akitarajia kuwa atalia kwa ajili ya marafiki zake au ataruka kwa furaha. Binti alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili, "Tukienda sote, nani atakayemsomea nyanya barua zake?"

Ndugu yetu bado hajakata shauri. Lakini amelifungua daftari lake upya, na safari hii ameanza na ukurasa ule uliokuwa mtupu. Mwenyezi Mungu amuongoze, naye na kila mzazi aliye katika hali kama yake, kwenye lililo na kheri na watoto wake.